Viini viwili au prosesa mbili: mnunuzi achague ipi?

MSIMU wa korosho unapofunguliwa Oktoba, ofisi za vyama vya msingi katika wilaya za Mtwara, Tandahimba na Newala huhitaji kompyuta za kutunza hesabu za wakulima. Mauzo ya stakabadhi ghalani yalianza mkoani humo 2007, na katika msimu wa 2024/25 minada iliingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Chama kinachonunua mashine isiyofaa hutumia vibaya fedha za wanachama.

Katika soko la kompyuta zilizotumika, bidhaa mbili huchanganywa. Ya kwanza ni kompyuta ya viini viwili: sehemu mbili za kukokotoa ndani ya chipu moja, kwenye soketi moja. Intel na AMD zilitoa chipu hizo kwa kompyuta za mezani 2005. Ya pili ni kompyuta ya prosesa mbili: chipu mbili, kila moja na soketi na kipoza chake, juu ya bodi kubwa ya gharama. Hiyo hutengenezwa zaidi kwa ajili ya seva.

Mbili haimaanishi kasi maradufu. Makarani wawili ghalani humaliza magunia mapema iwapo kila mmoja ana mizani yake. Mizani ikiwa moja, mmoja husubiri. Vivyo hivyo, programu isiyogawanya kazi hutumia kiini kimoja tu.

Kwa upande wa umeme, Core 2 Duo E6600 ya 2006 imepangiwa wati 65. Xeon 5160 ya mwaka huohuo ni wati 80, hivyo mbili ni wati 160, ingawa hutoa viini vinne. Umeme ukikatika, betri ya akiba huwahi kuisha.

Aidha, Windows 11 Home hukubali prosesa moja tu. Pro hukubali mbili. Chipu hizo za 2006 hazimo katika orodha ya Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025.

Kwa hesabu na barua, chipu moja ya miaka ya karibuni inatosha. Prosesa mbili zinafaa pale ambapo watumiaji wengi hutegemea seva moja. Kabla ya kulipa, mnunuzi aiwashe mashine na kufungua Task Manager: idadi ya soketi na ya viini huonekana hapo.