Likizo ya chuo na utafiti wa mifugo: Nani alipe gharama?

LIKIZO ndefu ya vyuo inapokaribia, wapo wafugaji wanaopokea simu kutoka kwa watoto wao wanaosomea mifugo. Habari huwa ni ile ile: nafasi ya kujifunza utafiti imepatikana, lakini fedha ya kujikimu hakuna.

Wazazi wengi hukimbilia kuuza ng'ombe. Kabla ya kufika huko, ni vyema kwanza kupiga hesabu.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, anayekwenda kwa wiki nane katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI) kilichopo Mpwapwa, ambako ng'ombe aina ya Mpwapwa walizalishwa. Akitumia Sh10,000 kwa siku kwa chakula na matumizi madogo, siku 56 ni Sh560,000. Chumba cha Sh50,000 kwa mwezi ni Sh100,000. Akiweka nauli Sh80,000, pamoja na mabuti na ovaroli Sh60,000, jumla ni Sh800,000.

Hesabu hiyo ikishaandikwa, kila sehemu yake inaweza kutafutiwa mlipaji wake.

Mlango wa kwanza ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Miongoni mwa mambo inayoyakopesha ni mafunzo kwa vitendo. Hata hivyo, si kila mwanafunzi hupangiwa fungu hilo, na ni deni: akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

Mlango wa pili ni wahadhiri. Mhadhiri mwenye mradi wa utafiti anaweza kuhitaji watu wa kukusanya sampuli, kupima mifugo na kuhoji wafugaji. Mwanafunzi anayejitokeza mapema, kabla bajeti haijapangwa, ana nafasi nzuri zaidi ya kulipiwa posho kuliko anayebisha hodi likizo imeanza.

Tatu ni kituo chenyewe. Hata kama hakilipi posho, si vibaya kuomba malazi au usafiri wa kwenda maboma ya wafugaji. Katika mfano wetu, kitanda tu kinaokoa Sh100,000.

Nne, na hapa ndipo wafanyabiashara wengi hawajatazama, ni vyama vya ushirika vya maziwa, wauza dawa na wasindikaji. Chama kinachopoteza maziwa kwa sababu ya ugonjwa wa kiwele kinaweza kumgharimia mwanafunzi apime ng'ombe wa wanachama chini ya msimamizi wake. Kipimo cha awali ni rahisi: maziwa huchanganywa na dawa kwenye sahani maalumu, na yakiwa mazito kama uteute, kiwele kina tatizo. Chama kinapata orodha ya ng'ombe wa kutibiwa, mwanafunzi anapata takwimu za ripoti yake.

Barua ya maombi isizidi ukurasa mmoja. Itaje swali linalochunguzwa, mahali, tarehe, jina la msimamizi, mchanganuo wa fedha na kile ambacho mfadhili atapata. Ahadi ya kuwasomea wanachama matokeo kwa Kiswahili ina uzito kuliko maneno mengi ya kusifia chuo. Barua ya utambulisho kutoka chuoni nayo iambatanishwe.

Gharama inayosahaulika ni ya afya. Anayeshika mbwa anahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, na anayezalisha ng'ombe anahitaji glovu, kwa kuwa ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza binadamu. Bima ya afya iwe hai kabla ya safari.

Aidha, wapo matapeli wanaodai ada ya kumtafutia mwanafunzi ufadhili. Mfadhili wa kweli hutoa fedha, haombi atangulziwe. Ukiwa na shaka, uliza chuoni kabla ya kutuma shilingi.

Pengo likibaki, ukoo uchangie, na zizi liguswe mwisho kabisa. Beberu wa ziada anaweza kuuzwa. Ng'ombe anayekamuliwa asiuzwe, kwani maziwa yake ndiyo yatakayolipa muhula unaofuata.

Faida ya utafiti humrudia mfugaji. Chanjo ya kideri aina ya I-2, ambayo imewaokolea kuku wafugaji wengi vijijini, na chanjo ya ndigana kali iliyotokana na kazi ya Muguga, Kenya, zote zilianza kwa watu kukusanya sampuli. Chama chenye tatizo zizini kisingoje kuombwa. Kiandikie chuo na kueleza swali lake.