Umemejua Vijijini na Fundi Asiyehama

Umemejua, yaani umeme unaozalishwa mwanga wa jua unapoliangukia bamba la silikoni, husifiwa zaidi kwa kuipunguzia gharama nyumba moja moja, ilhali manufaa yake kwa kijiji kizima hutegemea jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra, nalo ni nani atakayeutengeneza mtambo siku utakapoharibika.

Huko Kinyasini, Mkoa wa Kaskazini Unguja, kipo kituo cha Barefoot College, taasisi yenye asili yake Tilonia, katika jimbo la Rajasthan nchini India, ilikoanzishwa mwaka 1972. Kituo hicho huwafundisha ufundi wa sola wanawake wa vijijini, wakiwemo mabibi na wengine ambao hawakubahatika kusoma sana, na kwa sababu hiyo mafunzo huegemea vielelezo, rangi na kazi ya mikono kuliko vitabu. Uteuzi huo una hekima yake, kwani kijana akishapata cheti huwa mwepesi kwenda mjini kutafuta ajira, bali mama mwenye watoto na shamba hurudi kwao na kubaki huko.

Kubaki huko si jambo dogo. Paneli iliyofungwa juu ya paa huweza kudumu miaka 20 na zaidi, mradi ifutwe vumbi na chumvi inayoletwa na upepo wa bahari. Betri ya risasi na asidi hufa baada ya miaka michache tu, na hufa mapema zaidi pale mwenye nyumba anapokiruka kidhibiti chaji, kifaa kinachoizuia betri isijazwe kupita kiasi wala kunyonywa hadi ikauke, akaunga televisheni moja kwa moja. Hapo fundi anayekaa kitongoji cha pili huwa na thamani kuliko karatasi ya dhamana ya duka lililoko mjini.

Katika utaratibu wa taasisi hiyo, kila kaya huchangia fedha kidogo kwa mwezi, takriban kiasi ambacho ingenunulia mafuta ya taa, ili fundi alipwe na vipuri vipatikane. Hivyo fedha iliyokuwa ikiishia kwa muuza mafuta huwa kipato cha mwanamke wa hapohapo, mbali na watoto kuepushwa na moshi wa kibatari na simu kuchajiwa nyumbani.

Hata walio karibu na nguzo za umeme wana la kuzingatia, kwa kuwa Unguja hupata umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na hitilafu iliyotokea Desemba 2009 iliiacha gizani kwa takriban miezi mitatu. Haifai, hata hivyo, kutia chumvi: mtambo mdogo wa nyumbani hauwezi pasi wala jiko, na kijiji kinacholegea kukusanya michango hukosa fedha ya betri mpya, kikarudi kwenye kibatari paneli zikiwa bado nzima juu ya mapaa.