Si Kila Sauti Mbaya ni Kelele

Fundi wa pikipiki mjini Sikonge, kusini mwa Tabora, hutanguliza sikio kabla ya spana. Mteja akimwambia pikipiki "ina kelele", atauliza: kelele gani? Inagonga, inalia, inasaga au inakwaruza? Kila neno linampeleka mahali pake. Injini inayogonga huenda imelegea pistoni au beringi. Breki zinazolia huenda zimekwisha, sasa ni chuma juu ya chuma. Gia zinazosaga hazikamatani sawasawa. Kinachokwaruza ni kitu kinachogusa kingine mahali kisipotakiwa kugusa, mara nyingi mnyororo na kava lake.

Namtaja fundi kwanza kwa sababu anakitumia Kiswahili cha sauti vizuri kuliko wengi wetu tunaoandika. Fungua magazeti: mlipuko, ugomvi wa baa, mashine ya kusaga na mashabiki wa mpira, vyote vinatoa "kelele kubwa". Msomaji hasikii kitu. Upungufu huo si wa lugha, na unaniuma, maana maneno tunayo tele.

Kiswahili kina desturi ya kuitaja sauti kwa kilichoitoa na kwa kilichoipokea. Tazama tanakali za sauti tulizofundishwa shuleni. Mtu huanguka pu, lakini mchangani ni tifu, matopeni tapwi, majini chubwi. Anguko ni lilelile. Kilichobadilika ni kilicholipokea. Majina yanafuata njia hiyohiyo. Mkwaruzo unataka vitu viwili vigumu vinavyosuguana. Kishindo kinataka uzito na ardhi ya kuubeba. Mrindimo ni wa ngoma na mizinga ya vita, mtutumo ni wa radi iliyo mbali. Mvumo hauna mwanzo wala kikomo: upepo, bahari, nyuki. Warina asali wa misitu ya miombo ya Sikonge wanaujua mvumo huo kwa karibu. Nyuki mmoja hupiga mabawa zaidi ya mara 200 kwa sekunde, na kwa kuwa maelfu ya nyuki hawapigi kwa kasi moja kamili, sikio linapewa sauti moja nene isiyo na kingo. Hata koo lina maneno yake: aliyehubiri kutwa hupwelewa na sauti, na mwimbaji mwenye sauti ya mikwaruzo anaweza kupendwa kwa mikwaruzo hiyohiyo.

Chanzo pekee hakitoshi, nia nayo inahesabiwa. Hapa ndipo historia ya Unyamwezi inaponisaidia. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Katika kitabu alichotoa mwaka 1860, Burton aliutaja msafara kwa sauti zake: miluzi, nyimbo, ngoma, pembe zinazopulizwa, watu wanaopiga ukelele na kuiga milio ya ndege na wanyama. Wapagazi wa pembe za ndovu walifunga kengele za ng'ombe kwenye ncha za mizigo yao. Miaka 14 baada ya wao kufika Kazeh, mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Stanley alilazimika kuzunguka kusini mwa Tabora, kupitia Ugunda na Ukonongo, kwa sababu vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimeifunga njia fupi ya Ujiji. Nchi ya kusini nayo ikapitiwa na misafara.

Sauti hizo zote kwa pamoja hazikulingana, wala hakuna aliyetaka zilingane. Zilikuwa na kazi. Mwenye kunyemelea kijiji kwa ubaya hafungi kengele, hivyo msafara uliosikika kutoka mbali ulikuwa umekwisha kujitambulisha kuwa wa biashara. Na mpagazi aliyeachwa nyuma vichakani alijua pa kuelekea. Kuyaita hayo zogo ni kukosea. Zogo na rabsha ni za watu wasioelewana. Msafara unaoingia mjini huku bunduki zikipigwa hewani ni hoihoi na nderemo, hata kama masikio yanaumia sawasawa.

Kwenye kwaya jambo ni jingine. Sikonge ina Wamoravian tangu enzi za Wajerumani, na mwalimu yeyote wa kwaya ya sauti nne anayajua maumivu haya: sauti ya pili imeshuka kidogo tu, na wimbo mzima umechafuka. Atasema "hampatani" au "mmetoka nje ya ufunguo". Kupatana, kulingana, kukwaruzana: tunazizungumzia noti kama tunavyozungumzia majirani, na fizikia inakubaliana nasi. Sauti ya mitetemo 440 kwa sekunde ikikutana na ya 444, utasikia sauti moja inayopanda na kushuka mara 4 kila sekunde. Tofauti ikifika 30 hivi, sikio haliwezi tena kuhesabu mawimbi hayo wala kuzitenga sauti mbili, kwa kuwa zinatikisa sehemu ileile ya utando ulio ndani ya sikio. Hapo ndipo ukali unaposikika. Zikiachana zaidi, kila moja inapata nafasi yake na utulivu unarudi. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliyaeleza hayo kitabuni mwaka 1863. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba nguvu ya mayowe ya binadamu hupanda na kushuka kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, na kwamba hali hiyo huamsha sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu. Huenda ndiyo maana mayowe hayazoeleki.

Ukali huohuo, hata hivyo, wapo wanaoutafuta. Ugogo, ambako misafara ilipita kabla ya kufika Tabora, mtengenezaji wa malimba hutoboa tundu kwenye sanduku la ala na kuliziba kwa utando wa buibui, ili kila noti itoke na mtetemo mkavu. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliufikisha muziki huo kwenye majukwaa ya Ulaya. Wako wanaousikia na kusema malimba yanakwaruza. Mimi nauita mtetemo, kwa sababu utando ule haukwaruzi kitu chochote. Unatikiswa na hewa.