Vidonge vya Vitamini na Mafua

Leo tutasema juu ya mafua na vidonge vya vitamini C.

Wengi hununua vidonge hivi ili wasipate mafua. Je, vinasaidia? Wataalamu wamepima maelfu ya watu. Wameona kwamba mwenye kuvimeza kila siku hupata mafua kama wengine, ila hupona mapema kidogo, yapata nusu siku. Anayeanza kumeza akiwa amekwisha ugua haonekani kupata faida. Basi, afadhali fedha yako inunue matunda. Pera moja lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Kikohozi nacho hutulizwa kwa kijiko cha asali. Lakini mtoto asiyetimiza mwaka 1 usimpe asali kabisa, yaweza kumdhuru.

Sasa shikeni sana neno hili. Mtoto akikohoa, mhesabu pumzi zake kwa dakika 1, akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifikia pumzi 50, au wa mwaka 1 mpaka 5 akifikia 40, huenda ana kichomi. Mpelekeni hospitali upesi. Hapo vidonge vya vitamini havitamponya.

Swali: Kwa nini tunahesabu pumzi za mtoto? Andikeni jibu daftarini. Kwaherini.