Ukifunga matairi makubwa, usilisahau la tano

Na Mwandishi Wetu

SI jambo geni jijini Dar es Salaam kuona gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne likiwa limefungwa matairi makubwa kuliko yale lililotoka nayo kiwandani. Mwenyewe hulitazama na kuridhika. Gari limenyanyuka na kutanuka, nalo linaonekana liko tayari kwa safari yoyote. Hata hivyo, ni wachache wanaoinama kutazama tairi la tano, yaani la akiba, ambalo mara nyingi hubaki lile lile la zamani.

Mwandishi wa makala haya alilipata somo hilo akiwa safarini kwenda Iringa kwa pikapu ya ndugu yake. Tairi la nyuma lilipasuka jioni, katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, mahali ambapo hakuna anayependa kushuka garini giza likianza kuingia. Jeki ya gari ilifika mwisho bila tairi jipya kuachana na lami, ikabidi yatafutwe mawe ya kuiwekea chini. Tairi la akiba lilipofungwa, gari liliinama upande mmoja. Mwendo uliobaki hadi mji mdogo wa Mikumi ulikuwa wa kunyata, na fundi aliyelipokea gari alikuta difu ya nyuma imepata moto kupita kiasi.

Kosa halikuwa kufunga matairi makubwa. Kosa lilikuwa kubadili manne na kuliacha la tano, na kutofanya hesabu kabla ya kwenda dukani.

Hesabu yenyewe imeandikwa ubavuni mwa kila tairi. Chukua kipimo cha 265/70R16, ambacho ni cha kawaida kwa magari ya aina ya Prado na Hilux. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili inaeleza kuwa kimo cha ukuta wa tairi ni asilimia 70 ya upana huo, na 16 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Ukijumlisha kuta mbili na ringi, unapata kipenyo cha milimita 777 hivi.

Sasa linganisha na 285/75R16, kipimo kinachopendwa na wengi wanaotaka gari lao linyanyuke. Kipenyo chake ni takriban milimita 834. Tofauti ni milimita 57 tu, lakini ni ongezeko la asilimia 7.3, na ongezeko hilo hugusa karibu kila kifaa kinachozunguka ndani ya gari.

La kwanza kuguswa ni spidimita. Kwa kuwa tairi kubwa husogea mbele zaidi kwa kila mzunguko, mshale unapoonyesha kilomita 100 kwa saa, gari huwa linakwenda 107. Katika maeneo ya makazi, ambako mwendo unaoruhusiwa nchini ni kilomita 50 kwa saa, dereva anayeamini anatii sheria atakuwa anakaribia 54. Vivyo hivyo, kilomita 5,000 zinazosomeka tangu oili ibadilishwe ni zaidi ya 5,360 zilizotembewa.

La pili ni nguvu. Tairi kubwa ni sawa na kuendesha kwa gia ndefu kuliko ile aliyoikusudia mtengenezaji, hivyo injini hujikaza zaidi mlimani. Wakati wa kuteremka, kama vile katika mlima Kitonga mkoani Iringa, injini nayo hulizuia gari kwa nguvu pungufu, na mzigo huo huhamia kwenye breki. Breki zenyewe sasa zinasimamisha gurudumu zito zaidi, lenye kipenyo kirefu zaidi, kwa vifaa vile vile vya zamani.

Faida zipo, lakini zisitiwe chumvi. Mhimili wa magurudumu hunyanyuka kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo. Katika mfano wetu, milimita 57 huzaa kimo cha milimita 28, chini ya sentimita tatu. Kwa anayekwama mchangani, mara nyingi kupunguza upepo kwa kiasi humsaidia zaidi kuliko kuongeza ukubwa wa tairi, ili mradi akumbuke kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Hapo ndipo linapoingia tairi la akiba. Kwa kila kilomita moja, tairi la milimita 777 huzunguka takriban mara 409, wakati la milimita 834 huzunguka takriban mara 382. Yakifungwa mawili hayo kwenye mhimili mmoja, dogo litazidi kubwa kwa karibu mizunguko 28 katika kila kilomita. Kazi ya kuipokea tofauti hiyo hufanywa na difu, kifaa kilichoundwa kuruhusu gurudumu moja lizunguke kuliko jingine gari linapokata kona. Kona huisha baada ya muda mfupi. Tairi lisilolingana huilazimisha difu kufanya kazi hiyo hata barabara inaponyooka, na matokeo yake ni joto, oili kuchoka na gia kulika.

Kwa magari ambayo magurudumu yote manne huvuta muda wote, difu ya katikati nayo huingia katika mateso hayo. Kwa yale ambayo dereva huchagua mwenyewe, kuingiza magurudumu manne kwenye lami huku tairi moja likiwa tofauti ni kukaribisha uharibifu, kwa kuwa mengi ya magari hayo hayana difu kati ya mhimili wa mbele na wa nyuma.

Je, afanyeje aliyekwisha kukutwa na jambo hilo njiani? Ikiwa gari linavutwa na magurudumu ya nyuma, tairi lisilolingana lifungwe mbele, hata kama italazimu kuhamisha tairi zima la mbele kulipeleka nyuma. Magurudumu manne yasiingizwe. Ikiwa yote huvuta muda wote, difu ya katikati isifungwe. Kwa hali zote mbili, mwendo uwe wa polepole na safari iishie kwa fundi wa matairi aliye karibu zaidi.

Kinga, hata hivyo, ni rahisi kuliko tiba. Anayeamua kuongeza ukubwa apange bajeti ya matairi matano na si manne. Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni kutozidisha kipenyo kwa zaidi ya asilimia 3 hivi, isipokuwa kama gari litafanyiwa marekebisho mengine. Aangalie pia namba ya uwezo wa kubeba: 112, kwa mfano, maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja, na tairi jipya lisiwe na namba ndogo kuliko la awali.

Kabla ya kulipa, tairi moja lifungwe kwa majaribio mbele, usukani ukatwe hadi mwisho pande zote mbili, na fundi achunguze kama linagusa madigadi, mpira wa breki au chesisi. Jaribio hilo lirudiwe gari likiwa na abiria na mizigo, kwa sababu springi zikibonyea nafasi hupungua.

La tano lijaribiwe mahali pake pa kukaa. Chini ya gari linaweza kugusa bomba la moshi au kushindwa kuingia kabisa. Kwenye mlango wa nyuma, uzito wake huzichosha bawaba na unaweza kuupasua mlango, hasa katika barabara za vumbi zenye matuta. Jeki nayo ijaribiwe nyumbani, mchana, na si porini. Nati zikazwe upya baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo, na kampuni ya bima ijulishwe mabadiliko hayo kwa maandishi.

Mwisho, tairi la akiba liingizwe katika zamu ya kubadilishana nafasi na mengine kila baada ya kilomita 10,000 hivi, ili yote matano yalike sawa. Pikapu ile ya Mikumi sasa ina matairi matano ya kipimo kimoja, na jeki ndefu nyuma ya kiti.