Mfamasia kwenye dirisha la methadoni

Mtu aliyeacha heroini na sasa anakunywa methadoni kila siku akigundulika ana kifua kikuu, wiki mbili za mwanzo wa matibabu huwa za hatari kwake. Anaanza kumeza vidonge vya TB kama alivyoelekezwa. Baada ya siku kadhaa makamasi yanamtoka, viungo vinauma, anatoka jasho huku akitetemeka kwa baridi, tumbo linamkata, usiku hapati usingizi. Anaijua hali hiyo: ni arosto, mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea. Akifika kliniki anaulizwa kama amerudia unga. Anakataa, haaminiki. Siku chache baadaye yuko kijiweni anatafuta kete, na hapo methadoni na dawa za TB zote zimeachwa.

Hakudanganya. Miongoni mwa dawa za TB imo rifampisini, ambayo huchochea vimeng'enya vya ini vivunje methadoni kwa kasi kuliko kawaida. Dozi iliyomtosha mwezi uliopita sasa inamwishia kabla ya kesho yake. Anachohitaji si karipio, ni kuongezewa methadoni hatua kwa hatua. Na TB ikipona, lazima mtu akumbuke kuipunguza tena, kwa sababu wiki chache baada ya rifampisini kusimamishwa ini hurudi katika mwendo wake wa zamani, na dozi iliyopandishwa inaweza kumzidi nguvu. Katika hospitali, mtu aliyesomea kuyaona haya kabla hayajatokea ni mfamasia.

Tanzania Bara ilianza kutoa methadoni Februari 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ikawa ya kwanza katika bara la Afrika kusini mwa Sahara kuendesha huduma hiyo ndani ya mfumo wa serikali. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoa mingine ikiwemo Mbeya, Dodoma na Mwanza. Zanzibar ina kliniki yake Kidongo Chekundu. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Dawa yenyewe ni ya zamani: ilitengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1965 madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walichapisha matokeo yao ya New York yaliyoonyesha kuwa inaweza kumtuliza mraibu wa heroini akaishi maisha ya kawaida. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Habari za kliniki hizi zinapoandikwa, anayepigwa picha huwa daktari, mshauri nasaha au kiongozi aliyekuja kuzindua jengo. Mfamasia yuko nyuma ya nondo za dirisha, anapima maji ya dawa. Lakini ndiye anayemwona karibu kila mgonjwa kila siku, sikukuu na Jumapili zikiwemo, wakati daktari anaweza kumwona mara chache kwa mwezi. Mgonjwa anakunywa mbele yake, kisha anasemeshwa kidogo ili ithibitike kuwa amemeza. Katika dakika hiyo moja mfamasia mzoefu anapima mengi: mboni zimebana kiasi gani, ulimi ni mzito, ananuka pombe, amekonda tangu wiki iliyopita, yule mama mjamzito amefika au hakufika. Anayenuka pombe au kusinzia hapewi dozi yake papo hapo. Anawekwa pembeni, anaangaliwa, daktari anaitwa.

Ukali huo una sababu. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu. Kwa wastani nusu yake huhitaji kama saa 24 hadi 36 kuondoka, na kwa baadhi ya watu zaidi ya hapo. Mwili wa mgonjwa mpya ni kama mtungi wenye tundu dogo chini: ukimimina kiasi kilekile kila siku, maji yanaendelea kupanda kwa siku kadhaa kabla ya kutulia. Ndiyo maana siku ya kwanza mgonjwa huanzishwa kwa kiasi kisichozidi miligramu 30 hivi, ingawa wengi hatimaye hutulia kati ya 60 na 120. Vifo vya methadoni hutokea zaidi katika wiki mbili za mwanzo, pale mtu anapopandishiwa dozi kwa haraka, au anapoona haimtoshi akaongeza diazepamu au pombe. Mchanganyiko huo huzima pumzi.

Siku za kukosa nazo zina hesabu zake. Aliyepotea siku tatu mfululizo au zaidi hapewi dozi yake ya zamani akirudi, kwa kuwa mwili umeanza kupoteza uzoefu wa dawa. Anatathminiwa kwanza, dozi inashushwa, na akipotea muda mrefu anaanza upya. Anayejua kwa hakika ni siku ngapi ni yule mwenye daftari la dirishani.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, liko mita mia mbili kutoka hapo, wodini. Mgonjwa wa methadoni amegongwa na bodaboda, amevunjika mguu, analazwa usiku. Kliniki imefungwa. Anamwambia muuguzi kuwa yeye hunywa methadoni na asubuhi atahitaji dozi. Anaonekana teja anayetafuta ulevi. Mchana unapita, jioni arosto inaanza, na kesho yake anatoroka na mguu wake uliovunjika. Au kinyume chake: wodi inamwamini bila kuuliza, anataja namba, wanampa. Kumbe namba aliyotaja ni ya mililita na wao wamesoma miligramu. Au namba ni sahihi, lakini kwa siku tano zilizopita hakuinywa kabisa.

Kazi ya mfamasia hapa inaanza na simu. Anaipigia kliniki: dozi ni miligramu ngapi, alikunywa lini mara ya mwisho, ana dawa gani nyingine. Kama simu haipokelewi, anaishauri wodi itoe kiasi kidogo kilichogawanywa huku mgonjwa akiangaliwa pumzi. Kisha anapitia faili. Maumivu ya mfupa hayatibiwi na methadoni ya asubuhi, kwa sababu ile dozi moja huzuia arosto siku nzima lakini nguvu yake ya kutuliza maumivu hudumu saa chache tu. Mgonjwa huyu anahitaji dawa ya maumivu juu ya methadoni, na mara nyingi kwa kiasi kikubwa kuliko jirani yake wa kitandani. Asipewe pentazosini, maana huiondoa methadoni mahali pake na kumtupa kwenye arosto kali ndani ya dakika chache. Flukonazoli ya fangasi inapandisha methadoni mwilini. Erithromaisini na kwinini zinaweza kuungana nayo kuvuruga mapigo ya moyo.

Kwa wanaoishi na VVU hesabu inaongezeka. Efavirenzi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya ARV za wengi, ilishusha methadoni karibu kama rifampisini inavyofanya. Dolutegraviri, ambayo nayo ni ARV, haina tabia hiyo, na ni nafuu kubwa. Ila mgonjwa huyohuyo akipata TB, rifampisini huishusha dolutegraviri yenyewe, hivyo inabidi aimeze mara mbili kwa siku badala ya moja. Dawa tatu, magonjwa matatu, na rifampisini inazisukuma nyingine mbili. Sioni haki kumwachia muuguzi mmoja wa zamu ya usiku afikirie yote hayo peke yake.

Aliyezidiwa dozi naye huamshwa kwa sindano ya naloksoni, na anaamka kweli, anakaa kitandani anataka kwenda nyumbani. Nguvu ya sindano hiyo huisha ndani ya dakika 30 hadi 90 ilhali methadoni bado imo mwilini. Akiruhusiwa mapema anaweza kulala tena asiamke. Mfamasia aliyepo kwenye idara ya dharura ndiye wa kusema huyu habanduki hapa leo.

Hospitali zetu nyingi bado humweka mfamasia stoo na dirishani, na mzunguko wa wodi humpita. Huo ni upotevu wa utaalamu ambao umma umeshalipia kuusomesha. Pale penye kliniki ya methadoni, orodha ya wagonjwa waliolazwa inapaswa kumfikia kila asubuhi, na namba yake ya zamu ibandikwe kila wodi.

Na wewe mwenye ndugu anayekunywa methadoni: akilazwa kwa lolote, hata kwa malaria, mtajie muuguzi siku hiyohiyo jina la kliniki yake na siku aliyokunywa mara ya mwisho. Usimletee dawa ya mfukoni kumsaidia avuke usiku. Omba aitwe mfamasia.