Ukiacha kulipa leo, kesho unabaki na muziki gani?

Hebu fungua laptopu yako uangalie. Humo ndani mna nyimbo ngapi ambazo ni zako kweli? Sio zile unazozisikiliza tu. Nauliza zile ambazo wifi ikikatika, bando likaisha na M-Pesa ikasoma sufuri, bado zitalia.

Kwa wengi wetu huku Pwani, kuanzia Mtwapa hadi Marereni, jibu ni chache mno. Au hakuna kabisa.

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Ulienda saiba pale Malindi mjini na flashi yako, ukajaziwa chakacha, bango, taarabu na bongo fleva, ukarudi Muyeye ukafungua Winamp, kazi kwisha. Ilikuwa halali? Mara nyingi hapana, na msanii hakuona hata ndururu. Ndiyo maana Spotify ilipoingia Kenya Februari 2021, tulishangilia. Lakini kuna jambo lilibadilika kimyakimya: tuliacha kumiliki nyimbo, tukaanza kuzikodi.

Ukilipia ile Premium, unaweza kupakua nyimbo usikilize bila intaneti. Sawa. Lakini faili hizo huwezi kuzihamishia kwenye flashi ukaenda kuzicheza harusini Mambrui. Tena ni lazima uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo zinafungwa. Ukiacha kulipa, ndio basi. Ni kama chumba cha kupanga: unaweza kukipaka rangi upendavyo, lakini kodi ikichelewa unakuta kufuli la landilodi mlangoni.

Na kuna bando. Mimi chuo sikumaliza, lakini hesabu hii haitaki digrii. Wimbo wa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde unakula karibu megabaiti 2.4 kila dakika. Saa moja ni megabaiti 144. Ukisikiliza saa mbili kila siku bila kupakua, mwezi ukiisha umemaliza zaidi ya gigabaiti 8. Hapo ada ya huduma yenyewe bado hatujaigusa.

Kwa msikilizaji hii ni kero tu. Kwa prodyuza ni riziki.

Programu za kutengeneza muziki nazo zimeingia njia hiyo hiyo. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake, pamoja na Audition ya kuhariri sauti, yatapatikana kwa malipo ya mara kwa mara. Machi 2023 kampuni ya Waves, inayouza zile plagini za madoido ya sauti, ikasema haitauza tena leseni za kudumu. Maprodyuza duniani kote waliwaka, na ndani ya siku chache kampuni ikarudi nyuma. Funzo? Kelele za wateja husikika, ila wapige wengi kwa pamoja.

Sasa fikiria kijana wa Kilifi mwenye kompyuta ya mtumba, anayerekodi kayamba na sauti ya mzee wa mwanzele. Ana pesa mwezi huu, mwezi ujao hana. Anachukua toleo la majaribio la FL Studio. Linamruhusu kutengeneza biti, kuitoa kama wimbo na hata kuhifadhi kazi. Ila akifunga, hawezi kuifungua tena ile kazi aendelee nayo mpaka anunue leseni. Ndipo rafiki anamletea toleo lililokrakiwa kwenye flashi, na mara nyingi virusi vinakuja humo humo. Kompyuta ikianguka, sauti ya mzee imeenda nayo. Huyo mzee utamrudisha studio mara ngapi?

Sisemi tusilipe. Muziki ni kazi, na waliotengeneza programu nao wanakula. Ninachosema ni hiki: kabla hujabonyeza namba ya siri ya M-Pesa, jiulize, nikiacha kulipa kesho, nabaki na nini?

Kwa swali hilo programu zinajipanga zenyewe. FL Studio hiyo hiyo, ukiinunua mara moja, ni yako na matoleo mapya unapewa bure maisha yako yote. Reaper unaijaribu siku 60 bila kufungiwa kitu, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60, yaani kama shilingi 7,800 ukihesabu dola kwa shilingi 130. Unanunua mara moja. Audacity, LMMS na VLC ni bure na halali. Hazina urembo mwingi, lakini hakuna anayekuja kukufungia mlango.

Na kazi yako usiiache ndani ya programu peke yake. Ukimaliza wimbo, toa kila sauti na kila ala kama faili yake ya WAV. Baada ya miaka kumi programu huenda isifunguke, WAV itafunguka. Weka nakala mbili, sehemu mbili tofauti, maana hewa yetu ya chumvi haibagui mashine.

Wala usidhani mtandao ni sanduku la benki. Machi 2019 Myspace ilikiri kwamba muziki uliopakiwa huko kwa miaka mingi ulipotea walipokuwa wakihamisha mitambo. Google Play Music nayo ilifungwa Desemba 2020, watumiaji wakaambiwa wahame. Kama makampuni makubwa hivyo yanaweza kuamka siku moja na kufunga duka, wimbo wako wa Ganze nani ataukumbuka?

Kodi unachotaka kusikiliza tu. Kile usichotaka kukipoteza, kimiliki. Na usingoje wikendi, nakala ya kwanza itoe leo kabla stima hazijapotea.